Ua Uliopaa kwa Sufi

Chama cha huduma cha wasichana kilikutana kila Jumanne baada ya kipindi cha hesabu, katika banda la mwisho la shule ya sekondari ya kambi, lile ambalo jiko lake la makaa lilifukiza moshi ndani kuliko nje. Mwenyekiti alikuwa Fumiye Hamaoka. Aliwaongoza wenzake kula kiapo cha bendera, hadi pale pa uhuru na haki kwa wote, kisha akagawa magunia ya wavu ya vitunguu. Bango la serikali ukutani lilisema magunia mawili huokoa askari mmoja.

Sufi ya kujazia maboya ya kujiokolea ilikuwa ikitoka Java, na Java sasa ilikuwa mikononi mwa Wajapani, maadui wa Marekani vitani. Basi watoto wa shule Marekani nzima waliambiwa wachume magugu ya mitaroni, yale yenye utomvu mweupe, ambayo maganda yake yakikauka hutoa sufi. Watoto wa shule hii walizaliwa California na walikuwa raia, lakini babu zao walitoka Japani, na kwa kosa hilo walifungiwa pamoja na wazazi wao kwenye uwanda huu wa vumbi, ndani ya ua wa seng'enge. Vyama vyao vilichapa kazi. Chama cha vyuma chakavu kiliokota kila kopo na kila msumari kambini. Kuhusu seng'enge, hakuna aliyekiuliza.

Wasichana walichuma kandokando ya mfereji, askari mwenye bunduki akiwalinda na kuwashikia magunia. Sufi mbichi huoza, lazima ianikwe penye upepo. Mwalimu Lindqvist, mlezi wa chama, aliangaza macho huku na huku akaona kitu kimoja tu kilichojengwa imara katika kambi ile. Wakayaning'iniza magunia kwenye ua, kutoka mnara mmoja wa walinzi hadi mwingine. Mawili Fumiye aliyafunga uzi mwekundu. Hayo yalikuwa ya kaka yake Noboru, aliyeitwa jeshini kutoka humu humu kambini na sasa alikuwa karibu kuvushwa bahari.

Alhamisi asubuhi ua ulikuwa umepaa. Ulielea juu ya mashimo yake, nguzo, waya na lango, juu kidogo ya kofia ya mtu mrefu, na upepo ukivuma uliyumba kama kamba ya kuanikia nguo. Wapishi walitoka bwaloni wakautazama, wakarudi, maana uji ulikuwa jikoni. Mkuu wa kambi alibandika tangazo kwamba ua unahesabika upo pale ulipokuwa. Na kwa kuwa haikujulikana tena ni wapi hasa ulipokuwa, aliwaomba vijana wa chama cha riadha wajitolee. Wakaja na chokaa ya uwanjani, wakachora mstari kuizunguka kambi nzima. Ilikuwa kazi safi kabisa, na kila mmoja wao alipewa beji.

Noboru alifika siku hiyo hiyo kuaga, amevaa sare. Askari wenzake walimpekua langoni, yaani chini ya lango, kisha wakamruhusu alale usiku mmoja kwa mama yake.

"Haya, mwenyekiti," alimwambia Fumiye, "hilo boya langu ulijaze vizuri. Nisije nikaelea miguu juu."

"Kichwa chako ndicho kizito, kaka. Mimi nifanyeje?"

Mama alicheka kidogo, huku anafinyanga matonge ya wali ya safari. Alikuwa ameomba jambo moja tu kwa wakubwa: amsindikize mwanawe hadi kituo cha treni. Kwao mwenda vitani haagwi mlangoni. Mama yake husimama kituoni mpaka moshi wa treni upotee. Jibu la ombi lilikuwa hapana, ila lilitolewa kabla ua haujapaa, na hapo ndipo Fumiye alipoweka matumaini yake yote.

Asubuhi walifuatana watatu hadi kwenye chokaa. Juu ya vichwa vyao nguzo ziligongana taratibu. Askari kijana wa mnarani, uso umejaa chunusi, alichungulia.

"Samahani, mama. Ua umepaa, amri haijapaa."

"Kituo si kile pale?" Fumiye alimwambia. "Anaenda na kurudi."

"Nakiona, dada. Na bunduki ya mnara wa pili nayo inaona."

Mama alisimama, ncha za viatu vyake zikagusa chokaa. Noboru akainama mbele yake, naye akainama, akampa matonge ya wali yaliyofungwa kwenye kitambaa. Noboru akavuka mstari, akashika barabara peke yake. Mbele kidogo aligeuka akapunga mkono. Fumiye aliumia moyo hata akashindwa kumpungia.

Adhuhuri lori la sufi lilikuja. Wasichana walileta ngazi ya chama cha maigizo wakaanza kushusha magunia, na kwa kila gunia ua ulishuka kidogo. Yakabaki mawili yenye uzi mwekundu, na kwa mawili hayo ua mzima ulikuwa bado unaelea, usawa wa kiuno. Fumiye aliketi juu ya ngazi akagoma.

"Mwenyekiti, lori linasubiri," alisema Mwalimu Lindqvist, akitazama pengine.

"Haya siyatoi. Yakibaki, hautashuka."

Mama hakuwa ameondoka kwenye mstari tangu asubuhi. Treni ilikuwa imekwenda zamani na kituo kilikuwa kitupu, lakini alikuwa bado anakitazama. Alisema bila kugeuka:

"Fumiye, mwanangu. Sisi tuko nchi kavu. Toa."

Fumiye alifungua la kwanza, akafungua la pili. Akayabeba mwenyewe hadi lorini, akayaweka juu kabisa yasije yakabanwa. Ua ukashuka polepole, kila nguzo ikitafuta shimo lake na kulipata. Nguzo moja ilikuwa inamjia mama miguuni, naye akarudi nyuma hatua moja, akaipisha.