Tuta Lililoushinda Mwezi kwa Mbio

Shauri la Agnella dhidi ya jirani yake Melkiori lilisikilizwa Jumanne, saa tatu asubuhi, kwenye ofisi ya kijiji iliyo njiani kwenda Mofu. Mimi ni katibu wa baraza la ardhi, na niliandika kila jambo kwa jinsi lilivyotokea. Ndiyo maana kumbukumbu za siku ile zina kurasa nane, na sita kati ya hizo ni za mwezi.

Agnella alieleza kwamba tuta linalotenganisha jaruba lake na la Melkiori linasogea upande wake kila msimu. Jaruba hilo aliachiwa na mama yake. Upande wa pili kuna mfereji, kwa hiyo hana pa kurudi nyuma. Mistari mitatu ya mpunga ilikuwa imeshapotea. Alisema hana ugomvi na mtu, ila ana binti, Nelly, na hataki kuja kumrithisha mfereji.

Shida yetu ilikuwa kipimo. Mwaka wa nyuma tulikuwa na shauri kama hilo, tukapima kwa hatua kama kawaida yetu, na kila upande ukaleta mpimaji wake. Mmoja alimleta mjomba mrefu kutoka Mngeta, mwingine akamleta bibi yake mwenye goti bovu. Tukapata majaruba mawili mahali pamoja, na wote wawili wakakata rufaa.

Safari hii Agnella hakuleta miguu. Alimleta Obed, fundi wa vigae kutoka Lumemo, na kifaa chake cha leza cha kupimia vyumba, kidogo kama simu. Obed alisema kwamba miaka mitatu iliyopita Agnella alisimika fimbo katikati ya tuta, na juu ya fimbo akafunga kile kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli. Tangu hapo, kila baada ya mavuno, yeye Obed huweka kifaa juu ya zege la bomba la maji lililo upande wa Agnella, hulenga kioo, mwanga huenda na kurudi, na namba hutokea. Mara ya kwanza ilikuwa mita thelathini na nane na sentimita arobaini. Sasa ilikuwa thelathini na saba na sabini na saba. Kila mwaka sentimita ishirini na moja, bila kuzidi wala kupungua.

Melkiori hakukubali. Alisema mwanga hauna miguu wala shahidi, sasa utajuaje kama ulifika au uliishia kwenye mpunga?

Obed akajibu kwa heshima kwamba hivyo hivyo ndivyo wataalamu wa nyota wanavyoupima mwezi. Watu waliofika huko waliacha vioo maalumu, ndugu wa kioo cha baiskeli, vinavyorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Duniani wana leza kubwa kuliko yake. Wanaipiga, wanasubiri sekunde mbili na nusu, mwanga kidogo unarudi, wanajua mwezi uko umbali gani. Wamefanya hivyo zaidi ya miaka hamsini.

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Obed angeishia hapo, tungekula mchana nyumbani. Lakini aliongeza kwamba ndivyo walivyogundua kuwa mwezi unaondoka, karibu sentimita nne kila mwaka.

Mama Eufrasia, mwenyekiti wetu, aliweka kalamu chini.

“Unaondoka kwenda wapi?”

“Mbali tu, mama mwenyekiti.”

Asubuhi ile mwezi ulikuwa bado juu, mweupe, upande wa milima ya Udzungwa. Wajumbe wote saba walitoka nje kuutazama. Waliporudi walikubaliana kwamba kwa sasa upo.

Ndipo mjumbe Kija akaomba nafasi. Kija alihamia bondeni kutoka Shinyanga na ng'ombe themanini, na alikumbusha kwamba kabla ya kupokewa alirudishwa mara tatu kwa ajili ya barua ya uhamisho, mara ya tatu kwa sababu muhuri ulikuwa hafifu. Ng'ombe walisubiri njiani.

“Sasa mwezi,” alisema, “una barua?”

Mama mwenyekiti alinigeukia. Nilifungua jalada la waliohama, nikalipitia lote, maana sipendi kujibu kwa kukisia. Haikuwamo. Mjumbe mmoja akauliza kama kuna mtu aliyeukosea mwezi mpaka ukaamua kuhama. Mwingine akataka ujulishwe kwamba malalamiko yake yatasikilizwa. Obed aliulizwa kama leza yake inaweza kupeleka ujumbe, akasema yake inaishia mita hamsini.

Melkiori alichangamka kuliko wote. Shauri lake lilikuwa limesahaulika, na alizungumza vizuri hata mama mwenyekiti akaniagiza niandike neno kwa neno.

“Mtu akihama kwa kishindo, majirani wanajua. Wanamuaga. Lakini huyu anajisogeza vidole viwili, mwakani vidole viwili, akidhani hatuna macho. Huo si ujirani. Huo ni uhuni.”

Walimpigia makofi. Kija alisema kwamba kwa Mndamba, mtu wa mtoni aliyelelewa na samaki, amenena kama mtu mwenye ng'ombe.

Muda wote huo Agnella alikuwa amekaa, mikono mapajani. Makofi yalipokwisha, aliuliza kwa sauti ya kawaida.

“Jirani, ukiwa unasafisha tuta, kile kioo changu hukioni?”

Melkiori aliudhika.

“Nakiona, kwa nini nisikione? Mimi nachonga nyasi upande wangu, udongo naumwaga upande wa pili, nakandika. Fimbo yako naing'oa kwanza, kwa mikono miwili, naiweka pembeni isichafuke. Nikimaliza naisimika tena katikati ya tuta, kama ulivyoiweka mwenyewe. Hata mara moja sijaiacha chini. Mimi si mwizi, mama Nelly.”

Melkiori alianza kurudia maelezo yake polepole, kwa mikono: unachonga huku, unamwaga kule. Mikono ikaenda. Akairudia tena, ikaenda tena, naye akabaki anaitazama ilikofika.

Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Baba yake alisafisha hivyo, na wangu pia. Niliona wajumbe wawili wakichonga hewa taratibu chini ya meza, nao wakiangalia mikono yao inaelekea wapi.

Obed alikuwa ameshapiga hesabu: tuta la Melkiori linakwenda zaidi ya mara tano ya mwezi. Melkiori aliomba jambo hilo lisiandikwe. Lilikuwa limeshaandikwa.

Baraza liliamua tuta lirudi sentimita sitini na tatu kabla ya kupanda, na kila mtu amwage udongo upande uleule aliochonga. Kuhusu mwezi, iliamuliwa uitwe kwa barua itakayobandikwa ubaoni siku thelathini. Usipotokea, shauri litasikilizwa upande mmoja.

Melkiori alibeba udongo siku mbili. Alipomaliza aling'oa fimbo kwa mikono miwili, akasimama nayo, akamuuliza Agnella aiweke wapi. Agnella aliichukua akaisimika mwenyewe.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilikwenda kushuhudia kipimo. Mita thelathini na nane na sentimita arobaini. Agnella alimwambia Obed arudie, akarudia mara tatu, na mistari yake mitatu ilikuwa imesimama mabua matupu upande wake wa tuta. Melkiori naye alikuja, na jembe begani. Alisikiliza namba mpaka mwisho, kisha akainua kichwa kuelekea Udzungwa.

“Na yule?”

“Nne kasoro kidogo,” alisema Obed.

Melkiori alisonya. Barua bado iko ubaoni; mvua iliharibu muhuri, nami nimepiga mwingine.