Mtu wa Adabu wa Kituo cha Uwanjani

Mume wangu Gildardo ni mtu wa adabu. Kwenye treni yetu ya metro hapa Medellín hali kitu, hapigi kelele, na wazee huwapisha kiti hata wasipokitaka. Jumapili ile tulikuwa tunakwenda kumbatiza mjukuu wetu, na yeye ndiye aliyekuwa awe baba wa ubatizo. Heshima hiyo aliiomba mwenyewe, tangu mimba ya binti yetu Yurany ilipoanza kuonekana. Bahati mbaya, maskini, siku hiyohiyo Kijani, timu yake ya mpira, walikuwa wanacheza na mahasimu wao Wekundu.

Tulipofika kituo cha uwanjani, behewa lilikuwa limejaa jezi. Gildardo, kwa adabu zake, akatoka kuwapisha wanaoshuka, kama tunavyofanya sote. Ila sisi wengine hupanda tena. Milango ikafungwa, naye akabaki nje akinipungia mkono, uso wa mfiwa, miguu imeshaelekea ngazini. Treni nyingine ilikuwa inakuja baada ya dakika chache, lakini nadhani hakuiona kwa machozi.

Nikashuka mjini, nikapanda tramu peke yangu hadi kanisani, mshumaa wa ubatizo mkononi. Padri akasubiri. Tukaimba nyimbo zote tunazozijua na moja tusiyoijua. Kila mlango ulipolia Yurany aligeuka, na mimi roho iliniuma hadi nikashindwa kumtazama. Mwishowe padri akauliza nani atasimama na mtoto. Jirani yetu don Aníbal, Mwekundu wa kufa na kuzikana, akainuka kutoka benchi la nyuma akampokea.

Gildardo alitokea nyumbani giza likiingia, tunakula keki. Akaeleza yote: milango, umati, alivyokwama kituoni mchana kutwa asipate hata pa kukanyaga. Alisikitika vizuri sana. Yurany akamsikiliza hadi mwisho, mtoto begani.

"Pole, Baba," akasema. "Nani alifunga?"

"Lile nalo bao? Yule kaotea! Nilikuwa nyuma ya goli kabisa, nimemwona kwa macho yangu haya..."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Hata keki hakuna aliyeitafuna.

Yurany hakukasirika; afadhali angekasirika. Akamgeukia don Aníbal. "Hongera, don Aníbal. Kumbe mmeshinda." Mzee wa watu akatabasamu, akainamisha kichwa.

"Yeye ndiye aliyetukataza kuwasha redio, Baba," Yurany akasema. "Alisema leo ni siku ya mtoto."