Kimya cha Mama Breki

Bibi yangu alifariki Jumatatu asubuhi, jambo ambalo lingemuudhi sana, kwa sababu maisha yake yote alishikilia kwamba Jumatatu ni siku ya kugoma, si ya kufa. Mwalimu wa bweni aliponiita ofisini, nilikwenda na utetezi wangu kamili kuhusu kengele ya kuamkia, ambayo ilikuwa imetoweka katika mazingira ya kutatanisha. Kumbe ameniitia msiba. Kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na shule ile, sikuwa na la kujitetea.

Mtaani walimwita Mama Breki. Alifuma taulo katika kiwanda kimoja tangu usichana wake. Alipoanza, watu wa mtaa wetu walikuwa hawaruhusiwi kuingia kwa lango la mbele; walipita nyuma, penye mapipa ya taka. Yeye akapita mbele. Akawekwa rumande. Akatoka, akapita mbele tena, safari hii na wenzake, mpaka polisi wakachoka kuandika majina.

Lile jina la Breki alilipata siku mfumaji mwenzao alipoanguka akafa kando ya mashine yake, na msimamizi wa enzi hizo akaamuru abebwe huku kazi ikiendelea. Bibi akavuta chini mkono wa mashine yake, ikasimama. Jirani yake akavuta wake. Safu nzima ikafuata, kisha ya pili, mpaka ukumbi ukawa kimya. Waligoma hadi jambo lile likaingizwa kwenye mkataba: mwanachama akifa, mashine zinasimama moja moja kuanzia yake, na hakuna anayegusa kitu mpaka mkubwa wao kwa umri aseme, "Haya, kazi."

Mashine ya kufuma ikisimama ghafla huacha mstari kwenye kitambaa. Taulo zenye mstari hazikuuzika, kwa hiyo wafanyakazi walizichukua nyumbani. Mimi nimekua kwa Bibi bila kujifuta kwa taulo isiyo na marehemu. "Hiyo usifutie miguu," alikuwa akinikemea, "hiyo ni ya Kinyozi, mtu wa heshima zake. Chukua ile ya fundi rangi, alitusaliti kwenye mgomo."

Kabla hajafa, alimwomba Shangazi, binti yake wa pekee, jambo moja. Shada hataki, hotuba hataki. Anataka mashine zisimame.

Tulipotoka makaburini, Katibu wa chama cha wafanyakazi alikuja kukaa nasi. Ni mzee ambaye mashine za kufuma zilimla masikio yote mawili, kwa hiyo tulizungumza naye kama watu wanaogombana.

"Mkataba ule ulikufa walipokuja wenye kiwanda wapya!" Shangazi alimwambia.

"Nani kafa tena?"

"Mkataba, baba! Mkataba!"

"Aa, huo. Mazishi yake nilihudhuria." Akanywa chai. "Lakini wewe si uko mle ndani? Anza wewe, safu itakufuata."

"Safu gani, baba? Watu wanaletwa na wakala, kila miezi mitatu sura mpya. Jirani yangu hata jina langu halijui, ananiita 'we dada'. Na hizi mashine mpya hazina mkono wa kuvuta. Kuna kitufe kimoja chekundu kwenye nguzo, cha hatari, kinazima ukumbi mzima. Atakayekigusa na hakuna aliyeumia, kazi hana."

"Kwa hiyo mama yako aende hivihivi?"

Shangazi alikuwa na taulo mapajani, anaikunja, anaikunjua, anaikunja. Mimi nilikuwa nimesikia maneno "kitufe kimoja chekundu", na baada ya hapo sikusikia jingine.

Jumatano uongozi wa kiwanda ulitualika, pamoja na Katibu, kwenye hafla fupi ya kumkumbuka. Walimtundikia picha ukutani na kumwekea lile shada alilolikataa. Kisha msimamizi akatuingiza ukumbini ili tupigwe picha mbele ya wafumaji, akasoma hotuba hapohapo, mashine zikinguruma. Niliambulia "mpenda amani" na "familia moja" tu. Mpenda amani! Mwanamke aliyemfungia mhasibu ofisini nusu siku hadi akaidhinisha vyoo vya wanawake!

Shangazi alikuwa zamu, amesimama kwenye mashine yake, macho kwenye nyuzi. Nguzo ilikuwa hatua chache nyuma yangu. Nikarudi kinyumenyume kwa adabu zote za mfiwa, nikabonyeza.

Ngurumo ikakatika. Nilitarajia vichwa viiname.

"Nani kazima?"

"Umeme huo."

"Umeme gani na taa zinawaka? Kuna mpumbavu kazima!"

"Jamani mita zangu! Tazama huu mstari! Hii nani atanipokelea?"

Wanalipwa kwa mita iliyo safi. Waliacha mashine zao, wakamiminika kwenye njia za katikati, wakionyeshana vitambaa na kutukana. Katikati yao Katibu alikuwa amevua kofia, ameibana kifuani, amefumba macho. Msichana mmoja akamgusa bega. "Babu, sogea basi, umesimama kwenye nyuzi." Hakumsikia. Yule msichana akamzunguka.

"Nimeuliza, ni nani?" Msimamizi alikuwa bado ameshika hotuba.

Nikafungua mdomo. Shangazi akanipita kama hanijui, akasimama mbele ya nguzo.

"Mimi. Nimeegemea kwa bahati mbaya."

"Shangazi..."

"Nyamaza."

Akakizungusha kitufe kikarudi juu, na mashine zikaamka moja baada ya nyingine. Hakuna aliyesema, "Haya, kazi."

Walimvua koti la kiwanda pale langoni. Walau lilikuwa lango la mbele.

"Ungeniacha niseme ni mimi," nilimwambia nje.

"Useme nini? Kwamba ulikuwa utani?"

"Haukuwa utani!"

"Najua." Alikuwa hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama alipovuta ule mkono, alijua jina la kila mtu kwenye ile safu, na watoto wao. Wewe ulijua kitufe kiko wapi."

Katibu akatufikia akihema, macho yamelowa. "Mmewaona? Wameinuka wote! Ukumbi mzima! Na nyinyi mnasema vijana hawamjui!"

Nikamtazama Shangazi. Akamwinamia mzee sikioni.

"Ndiyo, baba," akapaza sauti. "Wameinuka."

"Basi naitisha mkutano. Ijumaa, zamu ya mchana ikitoka. Nitabandika tangazo mwenyewe."

Akalibandika. Ofisi ya chama ni chumba kimoja juu ya duka la vioo, na Ijumaa nilimkuta amekijaza viti vya kuazima hadi mlangoni, vingine vimetoka kanisani, vingine kwa fundi seremala. Alikuwa amevaa suti. Shangazi alikuja, maana hakuwa na mahali pengine pa kwenda saa za kazi. Tukakaa mbele, mimi na yeye.

Katibu akachungulia saa yake. "Tuwape muda kidogo. Zamu haijatoka."

Ilikuwa imetoka. Tuliwasikia chini ya dirisha wakipita kwa makundi, wanacheka, mmoja akimwita mwenzake amngoje kituoni. Sauti ya yule msichana wa nyuzi niliitambua. Shangazi alisikiliza mpaka wakaanza kupungua, kisha akainuka, akafunga dirisha.

"Acha wazi, mwanangu," Katibu alisema. "Wasije wakadhani hatupo."

Shangazi akalifungua tena.