Kioo cha Kumshusha Tegid

Kule kisiwani kwetu, Antaktika, tulikopelekwa kupima nchi na kuchora ramani, milima yote imefunikwa barafu, hupati hata jiwe la kujengea alama. Kwa hiyo alama ilikuwa mtu. Mmoja anapanda kileleni na mlingoti wa bendera, anausimika na kusimama nao wima; wenzake ng'ambo ya bonde wanamlenga kwa darubini ya kupimia. Haondoki mpaka amulikwe kwa kioo mara mbili. Akiondoka mapema, kupanda kote kule ni kazi bure.

Siku ile zamu ilikuwa ya Tegid, Mwelshi mcheshi aliyenifundisha kuendesha mbwa wa theluji. Nilimtania kwamba tumemchagua kwa sababu hajui kunyamaza, leo atajifunza. Akacheka.

"Chai yangu usiiguse, bwana mdogo. Nikishuka naitaka."

Bwana Hesketh, mkuu wetu, alipima, akapata pembe safi kabisa. Nami nikaona wingu linapanda kutoka baharini.

"Mkuu, mwite ashuke. Hali ya hewa inageuka."

"Nairudia mara moja tu," akasema, jicho halibanduki kwenye darubini.

Mara moja hiyo! Kabla hajamaliza, jua likafunikwa, na bila jua kioo hakina kazi. Tulipiga filimbi, tukafyatua bunduki, upepo ukazichukua sauti zote. Kumfuata haikuwezekana, bondeni kulikuwa na nyufa za kumeza nyumba nzima, na ukungu ulikuwa umezificha. Usiku kucha nilimlaani Hesketh moyoni. Yeye hakulala, wala hakujitetea.

Asubuhi kukawa kweupe. Hesketh akakimbilia darubini, akapiga kelele kwamba yupo, amesimama, kanyooka, bendera inapepea juu yake. Nililia kwa furaha bila kuona haya. Nikabandika maji ya chai yake. Kisha nikachukua kioo, nikamulika mara mbili.

Hakusogea.

Nikamulika tena. Nikasema labda jua linampiga machoni. Hesketh akatazama kwa muda mrefu, kisha akaiacha darubini, akaketi juu ya theluji.

"Basi, Rowan," akasema. "Amejifunga kamba kwenye mlingoti, asianguke."

Sikuacha. Nilimulika mpaka jua likahama, nikimwambia kwa sauti kwamba tumemaliza, ashuke, chai i tayari.