Nusu ya Maneno ya Nesi

Niliendelea kuhesabu hata midomo ya mama ilipoanza kuwa ya kijivu.

"Funga mdomo, mama. Vuta kwa pua. Tatu… nne…"

Alikuwa ameketi sakafuni katika karakana yetu, ameegemea kochi lililovuliwa kitambaa, na mkono wake ukipapasa hewani. Nilijua anatafuta pampu ya pumu. Nilijua pia kwamba iliyokuwa kwenye droo ilikwisha tangu mwezi uliopita, na hakuna aliyekwenda kuchukua nyingine. Mwenye jukumu la kwenda kliniki nilikuwa mimi.

Mama alikuwa fundi wa makochi. Miaka ishirini alikula vumbi la sponji, na pumu ikamkaa kifuani kama mpangaji asiyehama. Ndipo mjomba, kaka yake mkubwa, alipofungua darasa la kupumua juu ya duka la rangi. Watu walimwita Profesa, ingawa shule aliiachia njiani.

"Pua ndiyo bwana," alifundisha. "Mapafu ni mtumishi tu."

"Kaka, bwana wangu huyu anavuja kama paa bovu," mama alimjibu, na darasa zima likacheka.

Lakini alifanya mazoezi. Kuvuta kidogo kwa pua, kutoa polepole, kunyamaza kidogo kabla ya kuvuta tena. Mimi nilikaa mbele yake kila asubuhi nikimhesabia. Na yalimsaidia, siwezi kusema uongo. Hofu ilimpungua. Alianza kupanda ngazi za darasani bila kusimama katikati. Hapo mjomba akaanza wimbo mwingine: dawa ni mkongojo wa mtu ambaye miguu yake imeshapona, autupe.

Mama hakumwamini moja kwa moja. Akanituma kliniki nikaulize.

"Mazoezi ni mazuri, aendelee nayo," nesi aliniambia. "Ila dawa asiache hata siku moja. Sikiliza, binti: hata siku moja."

Nilirudi. Mama aliuliza akiwa na misumari midogo kati ya midomo, "Amesemaje?"

"Amesema mazoezi ni mazuri, uendelee."

Nikanyamaza hapo. Nilichokuwa nacho mfukoni kilikuwa barua ya kazi katika mji mwingine, ilikuwa na wiki nzima. Mama alijua tu kwamba nimeomba kazi hiyo, na alishasema, "Nikipona, nenda." Na mama aliyepona ni mama anayeachika. Sikumtakia mabaya. Nilimtakia kupona, haraka, kabla nafasi yangu haijapewa mtu mwingine.

Mama akaacha dawa za kila siku, akakaa vizuri miezi miwili. Wa tatu ndipo ulipofika ule mchana wa sakafuni.

Jirani yetu, mchomeleaji wa mageti, aliingia kuazima nyundo akatukuta.

"Unahesabu nini wewe? Mtu anakufa!"

Akambeba begani kama gunia, akakimbia naye hadi barabarani kusimamisha gari.

Hospitali walimwekea oksijeni. Jioni daktari akauliza nani alimwambia aache dawa. Mjomba, aliyefika na machungwa, alitazama dirishani. Mimi nilitazama machungwa.

Mama akashusha barakoa. "Mimi mwenyewe. Kichwa changu kigumu."

Siku ya kutoka tulipitia kliniki kuchukua dawa. Nesi akamshangaa. "Lakini si nilimwambia binti yako? Asiache hata siku moja, nilisema. Mara mbili nilirudia."

Mama alinigeukia. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa alichouziwa kwa bei ya ngozi.

"Aliniambia," alimjibu nesi. "Mimi ndiye niliyesahau."

 Tulipofika karakanani alinawa mikono, akaketi kwenye cherehani. "Ile kazi yako, bado wanakungoja?"

Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba barua imefika, wala kwamba niliwaomba wanisubiri miezi mitatu. "Bado, mama."

"Basi nenda."

Nilikwenda Jumatatu.

Sasa ni miaka kumi na mmoja. Mazoezi anafanya, dawa anatumia, na mchomeleaji ndiye anayemchukulia dawa kliniki. Mjomba bado ana darasa, na huwaambia wanafunzi wapya kwamba dada yake alikosea kunyamaza katikati ya pumzi. Mwezi uliopita nilimpigia mama, nikamwambia nimepata likizo, nataka kuja kukaa naye wiki mbili.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema kwa upole uleule anaowapa wateja asiowajua. "Huku tuko sawa."