Meno ya Mama Mkwe na Mashine ya Kunusa Vyuma

Tangu meno ya bandia ya mama mkwe yapotee baharini, fundi redio hakuwa tena na chumba cha kazi. Mama alikuwa amekuja kusalimia tu. Siku ya kuondoka akaenda ufukweni kuyaaga maji, akarudi na leso mdomoni, akatangaza kwamba harudi kwa mumewe akiwa kibogoyo. Basi kitanda kikaingizwa chumbani, redio zikahamia jikoni, na skrubu zikaanza kuonekana kwenye mchele.

"Meno yana vishikizo vya chuma," fundi alimwambia mkewe. "Na mimi nina mashine ya kunusa vyuma."

"Ile iliyokupatia vizibo vya soda ndoo nzima?"

"Cheka tu. Ikiingia majini utawasimulia shoga zako."

Kuingia majini ndiko kulikokuwa na kazi. Sahani ya chini, ile inayopitishwa juu ya mchanga, haikuogopa maji. Mwoga alikuwa kisanduku cha juu, chenye betri na nyaya. Tone moja tu, kwisha habari yake. Fundi akachukua kopo la plastiki la kuwekea chakula, lenye mfuniko wa kubana, akatoboa tundu la kupitisha waya, akaliziba kwa gundi ya silikoni, akiisambaza kwa kidole kama anayempaka mtoto dawa ya kidonda. Akaiacha ikauke sawasawa. Kisha akatia ndani karatasi ya chooni, akalizamisha kopo kwenye beseni na kulikandamiza kwa jiwe. Lilipotoka, karatasi ilikuwa kavu. Akakihamishia kisanduku humo, akafunga, akaanza kuzunguka nyumba akiijaribu mashine. Ikaimba kwenye vijiko, ikaimba kwenye bawaba za milango.

Alipobisha hodi chumbani kuchukua koleo, mama mkwe alikuwa kitandani, gazeti limemfunika kuanzia pua kwenda chini. Sahani ikapita karibu na mkoba wake. Ikaimba. Fundi akairudisha. Ikaimba tena, kwa furaha kabisa.

Mtu hafungui mkoba wa mama mkwe wake. Fundi akakohoa.

"Huenda ni vibanio vya nywele, mama."

"Ni vibanio," likajibu gazeti.

Kichwa cha mama kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa. Wote wawili wakakitafakari kichwa hicho kwa muda.

"Mwanangu, funga mlango," mama akasema. "Baba mkwe wako amenunua tarumbeta."

"Tarumbeta?"

"Tangu astaafu. Anaanza kabla jogoo hajawika, na wimbo wenyewe ni mmoja, hata huo haujui. Nikimwambia mkeo nimekimbia tarumbeta, atanipa somo la kuvumilia ndoa. Lakini meno, nani atabisha?"

Fundi alimhurumia. Alikihurumia pia chumba chake. Wakapatana kwa heshima zote: Jumapili mama ataingia majini kuonyesha mahali, atayaachia meno karibu na mguu wake, mashine itayaibua, na mke atanyamaza. Fundi naye ataitengenezea tarumbeta kizibo cha kupunguza makelele.

Jumapili mke alisimama ufukweni, mikono kiunoni. Mama akaingia mpaka maji ya magoti, akayaachia meno, akakohoa. Wimbi likapita. Fundi akapitisha sahani mguuni pa mama: kimya. Na sahani yenyewe haikutaka kwenda chini. Kopo lililojaa hewa liliivuta juu, ikaelea kama bata.

"Mume wangu," mke aliita, "umetengeneza boya."

"Mkwe, acha utani," mama alinong'ona.

"Sitanii, mama. Hayapo."

Uso wa mama ukabadilika. Safari hii alikuwa kibogoyo wa kweli.

Fundi alifikiria kufunga kipande cha chuma ili mashine izame, kisha akaona kuwa ingejiimbia yenyewe mpaka jioni. Akatoka, akachukua soksi yake kwenye kiatu, akaijaza mchanga, akaifunga kwenye mpini. Mashine ikazama kwa adabu. Akafuata upande wimbi lilikoelekea, mama nyuma yake amemshika shati. Ikaimba: kizibo cha soda. Mke akapiga makofi. Ikaimba tena, na fundi akainama mpaka sikio likaingia maji, akaibuka na meno yamekenua kiganjani.

Mama aliyapachika mdomoni pamoja na mchanga wake.

"Haya, nimenyamaza," mke alisema, na kweli sauti yake ilikuwa na heshima ambayo fundi hakuizoea. Akatoa simu. "Ngoja nimpigie baba, maskini, amehangaika."

Alizungumza, akacheka, akakata.

"Mama, anakuja mwenyewe leo hii kukuchukua. Anasema kwa furaha aliyonayo atapiga tarumbeta njia nzima. Hivi baba ana tarumbeta?"

Mama akalitazama wimbi lililokuwa linakuja. Mkono wake ukaanza kupanda, polepole, kuelekea mdomoni.

Fundi akaudaka.

"Mama," alisema kwa adabu, akimvuta kuelekea nchi kavu, "tutoke kwanza majini."