Notburga Hakuwa na Beji

Kijijini kwetu mwalimu wa skii akifa, walimu wenzake hujipanga pande mbili za njia ya makaburini, wakainua skii zao, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, zikakutana juu, jeneza likapita chini yake. Shangazi yangu Notburga alinyimwa heshima hiyo. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Nilimwendea Serafin, mkuu wa shule ya skii, siku mbili kabla ya mazishi. Alifungua daftari la walimu, akapitisha kidole.

"Mumewe yumo. Kassian. Yeye hayumo."

"Kassian alivunjika mguu mwaka wa kwanza tu, Serafin. Aliyefundisha ni nani?"

"Najua, dada yangu. Lakini beji ya ualimu hakuwa nayo."

Angeipata wapi? Enzi zake wanawake hawakuruhusiwa hata kuukaribia mtihani. Alivaa koti jekundu la mumewe, mikono ameikunja mara mbili, akafundisha kijiji kizima kwa miaka thelathini na moja. Serafin mwenyewe alishuka mteremko wake wa kwanza ameng'ang'ania pindo la koti hilo, kamasi zinamchuruzika. Leo ananifungulia daftari. Hana haya hata kidogo.

Siku ya mazishi walimu walikuja na makoti yao mekundu, wakasimama kando ya ukuta wa kanisa, mikono mitupu. Niliwachukia wote.

Jeneza lilipotoka mlangoni, Bi Filomena, mama yake Serafin, alijitokeza akihema. Ana miaka themanini na minne. Begani alibeba skii zake za zamani za mbao. Akasimama njiani, akainua moja.

Serafin akamkimbilia. "Mama, unafanya nini? Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Shika hii nyingine, ukasimame pale ng'ambo."

"Mama, utaratibu unasema—"

"Utaratibu ulikuwa wapi alipokuwa anakuokota kwenye theluji umejikojolea? Shika, mkono unaniuma."

Mtu mmoja akacheka. Wabebaji walikuwa wamesimama na jeneza mabegani, wakingoja. Serafin akageuka kuwatazama wenzake, nao wakainamisha macho. Akaipokea ile skii, akavuka njia, akaigusisha na ya mama yake, chini chini, kama mtu anayeona aibu.

"Inua vizuri, Serafin," Bi Filomena akasema. "Hapa hapiti mke wa Kassian. Anapita mwalimu wako."

Akainua.